Altezza na joto: shajara ya kuelekea siku ya kwanza uwanjani

Juni, mwishoni

Tarehe imepatikana: Jumapili ya mwisho ya Agosti. Mwenye yadi ya malori nje kidogo ya mji, upande wa Ihumwa, amekubali kutukodishia eneo lake tangu alfajiri hadi saa nane mchana, kwa sharti kwamba tufagie wenyewe na tusimwage oili. Nusu ni lami, nusu zege. Dodoma hatuna uwanja wa lami wa mbio za magari. Mchezo wa magari nchini ni rally, mambo ya vumbi na mawe, tangu enzi za ile Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi wachache wenye magari ya chini, yasiyovuka tuta la Area C bila kukwangua, inabidi tupange koni.

Si mashindano. Gari linaingia peke yake, linazunguka kwa dakika kama kumi na tano, linatoka, lingine linaingia. Hakuna kombe. Hata hivyo nimeshasikia mtu akisema anaenda kutuonyesha, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko koni zote.

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, chesisi SXE10, gia sita za mkono. Injini ni 3S-GE ya lita mbili, haina tabo. Kiwandani ilitoka na farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, lakini hizo ni farasi za usawa wa bahari. Mji huu uko mita 1,100 na ushee juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta ilichokuta. Zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu imebaki Dar es Salaam, na sina mpango wa kuifuata. Wenzangu wamenishauri ekzosi kubwa, filta ya koni, sijui chipu. Kwenye daftari nimeandika swali moja ambalo kila spea itapita mbele yake kabla sijatoa hela: hii inaondoa joto, au inaleta?

Julai, wiki ya kwanza: juu ya stendi

Gari limeinuliwa gereji, Kizota. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Akauliza, "Bosi, unataka lilie au likimbie?" Nikamwambia nataka lisimame. Akacheka, akaingia chini na taa.

Tulichokikuta: bushi za mikono ya chini ya mbele zimepasuka, boljointi ya chini ya kulia (kiungo kinachoshika tairi kwenye mkono wake) inacheza, na oili inavuja kidogo kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Boljointi za chini ni ugonjwa wa siku nyingi wa Altezza, na barabara zetu za changarawe zinaukuza. Mjini boljointi inayocheza inakupigia kelele kwenye tuta, unapandisha redio, maisha yanaendelea. Kwenye kona, uzito wote wa mbele ukiwa umelalia tairi moja la nje, ikichomoka tairi linalala na gari linaenda linakotaka. Zimebadilishwa zote mbili, kulia na kushoto, bila mjadala. Gasketi pia, maana oili ikidondokea ekzosi ya moto ni moto wenyewe huo.

Belti ya taimingi. Wajapani hubandika kikaratasi karibu na injini kinachoonyesha belti ilibadilishwa kwenye kilomita ngapi. Changu kipo, wino bado unasomeka. Ila odomita ya gari la mtumba ni simulizi ya muuzaji, kwa hiyo hesabu ya kilomita 100,000 haina pa kuanzia. Belti mpya, tensheni mpya na pampu ya maji mpya vimeingia kwa mpigo, kwa kuwa kufika huko ndani ni kazi ileile ukibadilisha kimoja au vitatu. Spea zimetoka Gerezani, Dar es Salaam, zikapanda basi, nikazipokea stendi ya Nanenane usiku.

Julai, katikati: maji

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijuti.

Kwa urefu wa Dodoma maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Jikoni hilo halimuumizi mtu, maharage yanachelewa tu. Kwenye gari, kinachozuia rejeta isichemke kwenye hizo 96 ni kifuniko chake. Kile kilichoandikwa 1.1 kinashikilia presha ya kilo 1.1 kwa kila sentimita ya mraba juu ya presha ya nje, na ndani ya mfumo maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120. Springi ya kifuniko ikilegea, au mpira wake ukikakamaa, umerudi kwenye 96 na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Injini yenyewe ikiwa na afya inatembea kwenye 85 mpaka 95. Maana yake gari lenye kifuniko kibovu hapa mjini linaishi ukingoni kila siku, na mwenyewe anasema "Altezza zinachemsha". Hazichemshi. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua mwezi huu, na nikiulizwa kipi kilikuwa na maana zaidi, nitakitaja hicho kabla ya breki.

Nikauliza termostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto. Kijana mmoja pale gereji akasema, "Hiyo tuitoe tu kaka, Dodoma joto." Ushauri huo upo nchi nzima na umeua injini nyingi. Kwenye injini nyingi za Toyota, termostati inapofunguka ndiyo hiyohiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Umetoa kitu ili ipoe, umeinyima kupoa. Fundi mkubwa alisikia, hakusema neno, akafungua boksi la termostati mpya, akaifunga huku kijana anaangalia.

Maji yenyewe sasa. Maji ya bomba ya Dodoma, yatokayo visima vya Mzakwe, ni magumu. Angalia ndani ya birika la nyumba yoyote ya mjini: ukuta mweupe wa chokaa. Ukiyaweka kwenye rejeta miaka miwili, ukuta uleule unajengwa ndani ya vijia vyembamba ambako joto linatakiwa kutoka. Yangu tuliisafisha mpaka maji yakatoka meupe, kisha ikajazwa kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, ya madukani. Kutoa hewa kwenye mfumo kulichukua nusu saa, hita ya ndani imefunguliwa mpaka mwisho, pua ya gari imeinuliwa kwa jeki.

Nje ya rejeta kulikuwa na kazi nyingine. Kati ya kondensa ya AC na rejeta, vumbi la miaka limechanganyika na mbegu za nyasi na panzi, limekuwa udongo. Kwa mbele hulioni. Tulivua, tukapitisha maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, na kilichotoka kingetosha kupanda mchicha.

Mwisho, geji ya joto ya nyongeza. Sindano ya kiwandani imetengenezwa itulie katikati kwenye safu pana ya joto ili dereva asipate presha yeye. Inapoanza kupanda umeshachelewa. Sensa imefungwa kwenye paipu ya juu ya rejeta, geji ipo pembeni ya usukani. Mama watoto amepanda mara moja, akauliza hiyo saa mbona haina mishale miwili.

Julai, mwishoni: breki

Tulipofungua vizibo vya kutolea hewa kwenye kalipa, fluidi iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai kavu. Mpya ni karibu nyeupe.

Fluidi ya breki inanyonya unyevu wa hewa kidogokidogo, kupitia mipira na kupitia kopo lake, hata gari likiwa limepaki. Viwango vyenyewe vinasema hivi: DOT 3 ikiwa mpya isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Mjini hutazifikia hizo 140. Uwanjani, ukikanyaga breki kila baada ya sekunde chache, joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linaikuta fluidi. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea wakati kimiminika hakibonyei. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka sakafuni, gari linaendelea na safari yake.

Kwa hiyo DOT 4, chupa iliyofungwa, nimevunja lakiri mwenyewe. Chupa iliyokwisha funguliwa na kukaa kwenye rafu ya duka siitaki hata bure. Na kuna DOT 5, ambayo namba yake kubwa inawavutia watu: hiyo ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine. Tulianza na tairi la mbali zaidi na silinda kuu, yaani nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Bomba la plastiki linaloonyesha ndani, chupa tupu ya maji ya kunywa, mtu mmoja kwenye pedali. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Fundi aliendelea kutoa hata baada ya mimi kuona ni nyeupe.

Pini za kalipa ya mbele kushoto zilikuwa zimekauka. Tumezisafisha na kuzipaka grisi ya breki, si grisi ya beringi, kwani ile inayeyuka na kuvimbisha mipira. Diski tumezipima kwa kipimo cha vernia cha fundi mchongaji wa jirani. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umechorwa kwenye diski yenyewe, na zangu bado ziko juu yake vizuri. Pedi ndizo zimenipa taabu, maana boksi sawa, nembo sawa, bei mbili. Nimechukua za bei ya juu kutoka kwa muuzaji aliyekubali kuandika risiti.

Pedi mpya haziendi uwanjani moja kwa moja. Zimezoeshwa alfajiri, barabara ya kwenda Hombolo, hakuna mtu nyuma: kutoka 80 kushuka hadi 20 bila kusimama kabisa, kuacha zipate hewa, kurudia, mpaka harufu inakuja na kupotea. Baada ya hapo kutembea taratibu muda mrefu bila kugusa breki. Trafiki mwenye tochi alikuwapo tuliporudi mjini, nikapita kwenye 48, tukapungiana mkono.

Agosti, mwanzoni: tairi, hewa, uzito

Tairi ni 215/45R17. Nimezikataa za mtumba. Zinakuja na kashata nzuri za kudanganya macho, halafu unasoma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo umekuwa plastiki. Nimenunua mpya za kawaida, za barabarani. Kwa mtu wa mara ya kwanza tairi la kawaida ni bora, linalia kabla ya kuachia, linakuambia. Yale ya mbio hayaongei.

Filta ya hewa imebaki ya karatasi ndani ya boksi lake la kiwandani, mpya. Aliyenipa ya koni bure nimemshukuru. Agosti upepo wa Dodoma unabeba mchanga, na koni ile inakaa wazi karibu na ekzosi, inavuta vumbi na hewa ya moto kwa pamoja. Swali la daftarini limejijibu.

Oili 5W-40, na kipimo kimejazwa karibu na alama ya juu. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli lake la chini ya injini, na ikiwa pungufu pampu inavuta hewa. Petroli tuliyonayo siyo ile ya oktani 100 ambayo injini yenye mgandamizo wa 11.5 kwa 1 iliundiwa Japani. Sensa ya kugonga, inayosikia injini ikigonga, itafanya cheche za plagi zichelewe kidogo, na mimi sitaishikilia kwenye mizunguko ya juu wakati joto limepanda.

Alaimenti imefanyika. Springi ni zilezile, sababu Jumatatu nalipeleka gari kazini, Mtumba kwenye Mji wa Serikali.

Wiki ya mwisho

Bima. Nina bima kubwa, na mkataba unasema wazi kwamba mashindano na majaribio ya mwendo hayamo. Nikigonga ukuta wa yadi ni mfuko wangu. Nimeshaongea nyumbani, imekubalika kwa sharti ambalo haliwahusu wasomaji.

Helmeti: ya kufunika uso mzima, yenye alama ya ECE, nimeazima kwa rafiki mwenye pikipiki kubwa. Zile za bodaboda zisizo na alama yoyote tumezikataza. Mtungi wa moto: mitungi mingi ya magari yetu ni ya kumwonyesha trafiki, sindano imelala kwenye nyekundu miaka. Wa kwangu ni mpya, umefungwa kwa bano la chuma mbele ya kiti cha abiria. Gari la wagonjwa limelipiwa na wote. Kulikuwa na mtu aliyeuliza kama tunalihitaji kweli, tukamrudishia mchango wake.

Betri imebanwa. Kapeti ya dereva imetolewa, tairi la akiba, jeki, mwavuli wa mtoto, chupa iliyokuwa ikibingirika chini ya kiti tangu sijui lini, vyote vimeshuka. Nati za tairi zimekazwa kwa spana ya kupima, nyutoni-mita 103. Kuna fundi anayesimama juu ya spana na kuruka. Hiyo inapinda diski na kuvuta nyuzi za bolti.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi kuna baridi, nyuzi kumi na tano au sita, na upepo. Tumefagia. Anayesimamia uwanja ni mzee aliyewahi kuendesha kwenye rally enzi zake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, vua miwani hiyo nikuone macho." Alitembea njia yote kwa miguu, anainama, anaokota kokoto moja moja anatia mfukoni, kisha akaturudisha tufagie upya pale lami inapokutana na zege.

Nimeanza na upepo wa 32 tairi zikiwa baridi. Kila joto la tairi likipanda nyuzi tano au sita, upepo unapanda psi moja. Baada ya kipindi cha kwanza za mbele zilisoma 39 na nyuma 37. Nilikuwa nimepaka chaki ya shule kwenye ukanyagio wa tairi, bega hadi bega: ilikuwa imefutika katikati ya ukanyagio, pembeni bado ipo, yaani zimevimba. Nikapunguza zote zikiwa za moto mpaka 35, na kipindi cha pili gari lilianza kuingia kona badala ya kuteleza na pua.

Mzee alipanda nami. Hakusema kitu mizunguko miwili. Wa tatu akasema, "Unaangalia koni. Koni haiendi popote, mwanangu. Angalia unakotaka kutokea." Nikaangalia ninakotaka kutokea, mikono ikafuata yenyewe. Njia yetu ni ya gia ya pili na ya tatu tu, fupi, na bado ile kona ya kushoto ya zege ilinitoa jasho kuliko barabara yote ya Kibaigwa.

Geji: 91 kipindi cha kwanza. 97 cha pili. Cha tatu jua limeshapanda, ilifika 102 nikatoka kabla ya bendera, nikazunguka mzunguko mmoja wa kupoza bila kugusa breki, nikapaki gia ya kwanza na jiwe nyuma ya tairi. Breki ya mkono hairuhusiwi kwa gari lililotoka uwanjani, kwani joto linabanwa palepale. Boneti wazi, injini ikiunguruma dakika chache. Sindano ya kiwandani muda wote huo haikusogea hata unywele.

Mwenzangu wa Subaru pedali ilimwendea chini kipindi cha pili. Alikuwa na nafasi ya kutosha mbele, akapita katikati ya koni nne na kusimama kwenye udongo, salama. Yule wa kutuonyesha alimaliza klachi kabla ya saa tatu asubuhi.

Pedali yangu ilirefuka kidogo mwishoni, si sana. Nati nilizikagua kila nilipotoka. Moja ya nyuma kulia ilikubali robo zamu baada ya kipindi cha kwanza, nyingine hazikusogea.

Jumatatu

Gari limefika Mtumba na mimi ndani yake. Jioni Kizota: pedi za mbele zimebaki zaidi ya nusu, za nyuma kama hazikuguswa. Fluidi imeanza kupata rangi, itatolewa yote kabla ya mara nyingine. Bega la nje la tairi la mbele kulia limelika kuliko mengine, kwa hiyo alaimenti ya mbele itaongezewa kemba, yaani tairi lilalie ndani kwa juu, kadiri boliti za kiwandani zinavyoruhusu. Kulanti haijapungua. Fundi amependekeza tufungue njia ya hewa kutoka bampa ya mbele kwenda kwenye diski, kwa bomba la plastiki linalovumilia joto. Nimemuuliza bei, amesema atanipigia hesabu Alhamisi.